Mgomba Haukai Kwenye Chupa

Ndani ya msonge kulikuwa na giza ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Kijana aliyetutembeza alituomba tuinamishe vichwa mlangoni, tusimame kidogo mpaka macho yazoee, kisha akaanza kutuonyesha: upande huu walilala ng'ombe na mbuzi, hapa kati ni mafiga, kule darini ziliwekwa kuni na ndizi, na moshi wa jikoni ulizikausha na kuzikinga na wadudu. Nilishika nguzo ya katikati. Ilikuwa nyeusi tii kwa masizi na laini kwa mikono iliyoishika miaka mingi.

Ni makumbusho madogo ya familia moja, Marangu, mteremkoni mwa Kilimanjaro. Kibao cha nje kinaahidi historia ya mgomba na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Unalipa kiingilio, unaoneshwa msonge, mikuki na mapanga ya wahunzi, kengele za ng'ombe, mtungi wa mbege, kata za kibuyu, kinu cha kutwangia kahawa. Mwisho unaingizwa kwenye chumba cha mabati chenye rafu ndefu ukutani, na juu ya rafu kuna chupa za kioo zilizoandikwa kwa mkono. Ulezi. Mahindi ya kienyeji. Maharage ya aina tatu. Buni. Mbegu za maboga. Ya mwisho kabisa ina vipande vya ndizi vilivyokaushwa, vyembamba, vimekunjamana kama ngozi ya zamani. Imeandikwa: Ndizi.

Nilikaa mbele ya chupa ile muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote mle ndani, na ndiyo sababu ya makala hii.

Ulezi ule kwenye chupa ya kwanza, kama umekauka vizuri, ukiutoa ukaumwaga kwenye udongo wenye mvua utaota. Mahindi vilevile, na maharage. Chupa zile ni ghala dogo. Ukoo ukiacha kulima ulezi miaka mitano, mwaka wa sita mjukuu anaweza kuingia mle akachota kiganja, akaanza upya. Lakini chupa ya ndizi haina kitu cha kuanza nacho. Ndizi tunazokula hazina mbegu. Mgomba huzaliwa na mgomba: mama anatoa chipukizi ubavuni, chipukizi linang'olewa na tunguu lake, linapandwa shimo lingine, nalo linakuwa mama. Mshare, mgomba wetu wa ndizi za kupika, ulio nyuma ya nyumba ya mtu leo ni mwili uleule uliokuwa nyuma ya nyumba ya babu wa babu yake, umepokezwa mkono kwa mkono bila kukatika hata msimu mmoja. Ukikatika, umekwisha. Hakuna gunia la akiba.

Kwa hiyo zao hili, kuliko mengine yote ya mlimani, haliwezi kutunzwa na makumbusho ya rafu na vioo. Linatunzwa na mtu mwenye jembe, au halitunzwi. Nadhani hilo ndilo jambo ambalo makumbusho yetu mengi ya mila hayajalikubali. Yamejengwa kwa mawazo kwamba urithi ni vyombo. Tumekusanya kata na mitungi, na mgomba wenyewe tumeuacha nje kwa kuwa upo tu, kila mtu anauona, nani atalipa kiingilio kuja kuutazama?

Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Mama yangu ni wa Kilema, si mbali na pale, na utotoni nilikuwa napelekwa kila Desemba. Kihamba cha bibi, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kilikuwa na giza lake la kijani ambalo mtoto wa Dar es Salaam alilidhani ni msitu. Juu kabisa mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, chini ya mibuni magimbi na maharage, na mfongo, mfereji wa kienyeji, ukipita pembeni na maji ya mlima yaliyo baridi kiasi cha kuuma vidole. Nilikula mtori wa bibi bila kuuliza umetokana na mgomba upi kati ya ile yote. Bibi alifariki. Kihamba kiligawanywa kwa wajomba wanne. Miaka michache baadaye nilimwomba mjomba wa mwisho anipikie mtori kama ule, akanipikia, na haukuwa ule. Alijaribu kunieleza: mshare ule wa bibi, wenye ndizi ndefu zinazolainika upesi na shina lenye wekundu kwa chini, haupo tena. Ulianza kunyauka majani ya chini, ukageuka manjano, ukaanguka. Walipanda mwingine. Hakuna aliyeandika lolote, na hakuna aliyelia, kwa sababu nani analilia mgomba wakati migomba imejaa kila mahali?

Ugonjwa huo ni mnyauko unaoletwa na kuvu wa Fusari, anayekaa kwenye udongo miaka mingi na kuingilia mizizini. Mshare una udhaifu mkubwa mbele yake. Ongeza vifukusi vinavyotoboa tunguu, minyoo inayokula mizizi na sigatoka nyeusi inayochoma majani, na utaelewa kwa nini mkulima akiona aina fulani inasumbua anahamia inayovumilia. Simlaumu hata kidogo. Ila kila anapohama, jina moja linatoweka kijijini, na majina haya hayakuandikwa popote pale mlimani isipokuwa vichwani mwa kina bibi.

Kwa nini hayakuandikwa? Hapa ndipo ninapotaka msomaji atazame kahawa, iliyo kwenye chupa ya jirani.

Kahawa ni mgeni Kilimanjaro. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, wakati mgomba ulikwisha kukaa mlimani karne nyingi. Lakini tazama kahawa ilivyotunziwa kumbukumbu. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, na 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ambayo jengo lake liko katikati ya Moshi mpaka leo. Kituo cha utafiti cha Lyamungo kilianza 1934. Kuna Bodi ya Kahawa, kuna mnada Moshi, kuna daftari la kila kilo iliyopokewa na kila senti iliyolipwa. Mtu akitaka kuandika historia ya kahawa ya Kilimanjaro atakosa muda, hatakosa karatasi. Tanzania iliunda bodi ya pamba, ya korosho, ya mkonge, ya chai, ya tumbaku, ya pareto. Mgomba hauna bodi.

Sababu naiona wazi. Kahawa ilipanda meli, ikaleta fedha na kodi, na fedha hiyo ilikuwa mkononi mwa baba. Ndizi ilikwenda jikoni na gulioni, nayo ilikuwa mkononi mwa mama. Mwanamke ndiye aliyejua chipukizi lipi lipunguzwe na lipi liachwe, mkungu upi ni wa mtori na upi ni wa mbege, lini shina likatwekatwe liwe chakula cha ng'ombe na samadi irudi shimoni. Zao lililolisha nyumba halikupata karani kwa sababu halikuwafikisha wenyewe kwa karani. Na ile miguu ya kina mama waliobeba mikungu kichwani kutoka vijijini hadi magulio ya Mwika na Marangu Mtoni haijaacha risiti.

Ndiyo maana hata kwenye makumbusho yale, ambayo kibao chake kinataja mgomba kwanza, kahawa ndiyo iliyopewa muda. Tuliikoboa, tukaikaanga kwenye chungu, tukaitwanga tukiimba, tukainywa. Wageni wawili kutoka Uholanzi walifurahi sana na mimi nilifurahi pamoja nao. Kahawa wanaijua, wanayo kwao. Ndizi pia wanadhani wanaijua.

Hawaijui, na sisi tungeweza kuwaambia jambo ambalo lingewaacha mdomo wazi. Ndizi ya njano inayouzwa karibu kila duka Ulaya na Marekani ni Cavendish, na wachunguzi wa vinasaba wameonyesha kwamba ina undugu wa karibu na kundi la ndizi za zamani la Afrika Mashariki na visiwa vya jirani, kundi ambalo mshare wetu ni mmoja wa jamaa zake. Mshare una seti mbili za kromosomu, Cavendish ina tatu. Wanaotaka kuiokoa ndizi ya biashara na magonjwa wanalazimika kuja kuangalia migomba ya aina hii. Arusha, kwenye taasisi ya Nelson Mandela, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, wanachavusha mshare kwa mkono, ua kwa ua, wakitafuta mbegu chache sana zinazoweza kupatikana, ili wapate mshare unaostahimili mnyauko. Ni kazi ya subira ya ajabu. Mwaka 2021 nchi yetu iliidhinisha aina nne mpya za ndizi chotara, TARIBAN 1 hadi 4, zilizotokana na ndizi za kupika za nyanda za juu. Kwa hiyo sayansi ipo, na inafanya kazi karibu kabisa na nyumbani.

Ipo pia akiba ya dunia. Leuven, Ubelgiji, tangu 1985 kuna hazina ya migomba yenye sampuli zaidi ya 1,500. Kwa kuwa mbegu hamna, wanaitunza kama vimche vidogo ndani ya mirija ya kioo, na nyingine kwenye naitrojeni ya kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Naiheshimu kazi hiyo kwa moyo wote. Shamba likiungua hapa, kule kuna kitu cha kurudisha. Lakini mrija haujui kwamba mzazi hupewa mtori wa mshare siku za kwanza ili apate nguvu na maziwa. Haujui kwamba ndizi hii ikipikwa na magadi na maharage inakuwa kiburu kitamu na ile nyingine inakuwa gundi. Mrija umehifadhi mwili. Ujuzi umebaki kwa watu, na watu hawagandishwi.

Basi tunarudi kwenye kihamba, maana ndicho makumbusho ya kweli, na hali yake si nzuri.

Mwaka 2011 mfumo wa kihamba, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, uliingizwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika orodha ya urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Watafiti waliohesabu mimea ya vihamba walikuta zaidi ya aina 500, karibu 400 kati yake zikiwa zimejiotea zenyewe chini ya kivuli. Hakuna shamba la mahindi duniani litakalokupa hesabu hiyo. Lakini kihamba kimoja kwa kawaida hakifiki hata hekta moja, na mila inataka kila mtoto wa kiume apate pa kujenga. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu takriban 650,000 mwaka 1967. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 1.8. Mlima haukuongezeka. Gawa kihamba cha babu kwa watoto wanne, kila mmoja ajenge nyumba ya tofali, aweke choo, uzio na njia ya gari, kisha tafuta mahali pa aina kumi na moja za migomba.

Wengine husema tatizo ni vijana kupenda mijini. Sikubali. Kijana mwenye robo ekari na mtoto shuleni hachezi na hesabu. Bei ya kahawa ilipoporomoka aling'oa mibuni, akakata mruka akauza mbao, akapanda mboga au parachichi, na kivuli kilipoondoka migomba ilianza kukosa unyevu na mfongo ukaachwa ujae takataka. Alifanya lililompa ada ya shule. Kumwambia abaki mlinzi wa urithi wa dunia bila malipo, wakati dunia haimlipi na sisi hatumlipi, ni kumtwisha mzigo asiouchagua.

Ninachotaka kutoka kwa makumbusho haya madogo ni kwamba yawe mahali ambapo mlinzi huyo analipwa. Yana kiingilio. Yana wageni wanaopita kila siku kwenda na kutoka lango la mlima. Sehemu ya kiingilio iende kwa kaya tano au kumi za jirani zilizokubali kutunza kila moja migomba mitatu ya aina zilizotajwa kwa majina, kwa masharti mepesi: mgomba uwepo, chipukizi litolewe kwa jirani akiomba, na mwenye nyumba akubali mgeni aingie, aone, aulize. Chupa ya ndizi kavu iondolewe rafuni, mahali pake iwekwe ramani ya kijiji: mshare wa aina hii uko kwa mama fulani, ule uko ng'ambo ya mfongo. Mgeni atembee. Na watafiti wa kilimo wa Tengeru na Arusha waitwe kukagua magonjwa, maana kutunza aina na kutunza mnyauko ni rahisi kuvichanganya.

Kuna jambo gumu zaidi ndani yake. Anayejua migomba mara nyingi si mwenye kihamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini kihamba bado hupita kwa baba kwenda kwa mwana, na mjane anaweza kuishi na kupanda miaka 40 kisha akaambiwa kwamba sehemu ile sasa ni ya mtoto wa shemeji. Akiondoka, anaondoka na majina. Kwa hiyo malipo yatakayotoka yaandikwe kwa jina la anayetunza, siyo la mwenye hati. Najua kwa kusema hivi naingia katika ugomvi wa koo, ambao huko kwetu humalizwa kwa kupeleka jani la isale, ishara ya kuomba radhi na amani. Niko tayari kulipeleka.

Nayasema haya kwa sababu ya kilichotokea baada ya chumba cha chupa. Tulipotoka nilimuuliza yule kijana migomba iliyozunguka msonge ni ya aina gani. Ni kijana mwerevu, anaongea lugha tatu, wageni walimpenda. Akataja mshare, kisukari na ndizi ng'ombe, kisha akacheka kidogo kwa aibu akasema, "Hizi nyingine, mama, labda umuulize bibi." Bibi yake alikuwa nyuma ya nyumba anapunguza machipukizi kwa sululu fupi, kanga imefungwa kiunoni. Nilimwamkia, akaitika bila kusimama, akaniuliza mimi ni wa kina nani. Nilipomtajia Kilema na jina la ukoo wa mama, ndipo akajinyoosha.

Alizunguka nami. Hakutazama mikungu kama nilivyokuwa natazama mimi, alishika mashina. Hili lina wekundu, huu ni mraru, wa kula ukiiva. Hili lina ukungu mweupe kama unga, lile lina madoa meusi. Kitarasa hii hapa. Mzuzu ule kule, wa kukaanga, hauzai chana nyingi. Mkonosi. Mshare huu na mshare ule si mmoja, wewe unaona mmoja? Shika hapa kwenye shingo ya jani. Nilishika, na kweli kingo zake zilikuwa tofauti, moja imefumba na nyingine imeachia, tofauti ambayo macho yangu yalikuwa yameipita miaka yote. Nilihesabu majina kumi na moja ndani ya eneo ambalo gari dogo lisingeweza kugeuza. Mjukuu wake alikuwa ametufuata, ametoa simu, anarekodi. Sikumwambia afanye hivyo.

Nilimwelezea mshare wa bibi yangu kadiri nilivyoweza: ndizi ndefu, wekundu chini ya shina, mtori usiohitaji kupondwa sana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema huenda anaujua, huenda siyo, huko Kilema wanaita majina yao. Akainama kwenye mgomba mmoja wa pembeni, akachimba chipukizi la urefu wa goti, akalitoa na tunguu lake. Kisha akachukua kisu, akaanza kulimenya, ganda na mizizi vikidondoka, mpaka nyama ya ndani ikaonekana. Palikuwa na kijitundu cheusi, chembamba kama cha msumari. Akalipasua, akanionyesha njia ya kifukusi ilivyozunguka, akalitupa jikoni kwenye moto. Akachimba la pili. Nalo likawa na doa la kahawia katikati, akalitazama kwenye mwanga, akatikisa kichwa, likaenda motoni. La tatu lilimenyeka jeupe tupu pande zote.

Alilivingirisha kwenye majani makavu ya mgomba, akafunga kwa kamba ya mgomba, akaniuliza litapandwa kwa nani, maana Dar es Salaam hakuna shamba. Nikamtajia mjomba wa mwisho.

"Mwambie asipande pale ule wa zamani ulipofia," alisema. "Na asiuchanganye na kisukari. Autenge, uzae mkungu wa kwanza, aupike. Ndipo atajua ni yeye au si yeye."